Hamia Februari, panda Machi: nyumba mpya na bustani ya masika Arusha

Anayehamia nyumba mpya Arusha mwezi wa pili ana wiki tano au sita za ukavu mbele yake. Masika kwa kawaida huanza katikati ya Machi, hukolea Aprili na kupungua kuelekea mwisho wa Mei. Wengi wiki hizo huziishia ndani, kwenye mapazia na makabati, halafu mvua ya kwanza ikinyesha ndipo wanaulizia jembe. Wakati huo udongo umeshalowa na ukilimwa unatoka mabonge, samadi inabebwa pamoja na maji yake, na magugu yaliyokatwa yanaota upya pale pale yalipoangushwa. Kazi ya bustani ya masika hufanywa jua likiwa kali. Mvua inatakiwa ikute matuta yameshakaa na miche iko kwenye kitalu.

Aliye Moshi atafuata utaratibu huu huu, ila akumbuke kuwa mji ule uko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, wakati Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Moshi mboga hukimbia kukua na hukimbia kunyauka, na kitalu kinahitaji kivuli zaidi. Arusha tatizo kubwa ni baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti.

Nyumba kwanza

Kabla kirikuu hakijashusha mzigo, shughulika na mita mbili, ya umeme na ya maji. Kwenye LUKU, nakili namba ya mita, kisha nunua umeme kidogo tu, wa elfu mbili au tatu, uone unapata yuniti ngapi. Mita yenye deni la mpangaji aliyetangulia hulikata kwanza kila unaponunua. Ukiona pesa imeingia na yuniti ni chache mno, usiongeze nyingine. Mwenye nyumba alimalize na TANESCO. Usichanganye deni na kodi ya jengo, ambayo nayo hukatwa kupitia LUKU, ndiyo maana ununuzi wa kwanza wa mwezi hutoa yuniti pungufu. Kodi hiyo ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo elewaneni mapema itarudishwa vipi, na iandikwe kwenye mkataba.

Kwenye maji, piga picha namba za mita siku unayokabidhiwa funguo na uombe ankara ya mwisho iliyolipwa. Kisha funga koki zote, ndani na nje, uitazame mita kwa dakika kumi. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja, mara nyingi ardhini kati ya mita na tanki, au boya la tanki halifungi. Tafuta mahali penye nyasi mbichi katikati ya kiangazi. Mara nyingi hapo ndipo bomba lilipopasuka. Mwite fundi bomba sasa, kwa sababu bustani itatumia maji mengi na hutaweza kujua kipi kimenyweshwa na kipi kimevuja.

Tanki la plastiki lifunguliwe, lisuguliwe ndani kwa brashi ndefu, tope la chini litolewe, lisuuzwe mara mbili. Hakikisha mfuniko unakaza. Tanki lililo wazi ni nyumba ya mbu.

Maji ya Arusha yana jambo moja ambalo mgeni lazima alijue siku ya kwanza. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyapa maji ya chemchemi na visima vingi madini ya floridi, na maeneo mengine, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, kiwango huwa juu sana. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno ya kudumu yanaumbika ndani ya ufizi, ndio hupata meno ya kahawia wakinywa maji yenye floridi nyingi, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini yanabaki yale yale ndani ya maji machache. Uliza mamlaka ya maji kuhusu chanzo kinachohudumia mtaa wako. Kama ni kisima binafsi, kapime. Maji ya kunywa na kupikia ya watoto yatoke kwenye mvua iliyokingwa vizuri, kwenye chanzo kinachojulikana kuwa salama, au yapitishwe kwenye chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Maji ya mvua bado yachemshwe, kwa sababu bati hukusanya kinyesi cha ndege.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, na pita kwa mjumbe. Kisha piga hodi kwa jirani wa juu na wa chini. Mzee aliyekaa hapo siku nyingi, ukimwamkia "shikamoo baba" na kuuliza "hapa Aprili maji hupita wapi?", atakueleza kwa dakika tano jambo ambalo ungelijua baada ya tuta lako kuondoka na mafuriko. Muulize pia mgao wa maji ni siku gani, gari la taka linapita lini, na nani anafungulia kuku.

Kama umepanga, sema na mwenye nyumba kuhusu bustani kabla ya kuchimba, mambo yaandikwe. Mboga hazina ugomvi. Miti inao. Parachichi la kupandikizwa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kwa hiyo mpangaji wa mwaka mmoja atafanya vizuri zaidi na mchicha.

Maji yanapita wapi, jua linakaa wapi

Zunguka kiwanja chote bila jembe. Tafuta mifereji midogo iliyokauka, mahali mchanga umejikusanya, ukuta wenye alama za tope. Viwanja vingi vya Arusha vina mteremko kutoka kwenye mlima, na maji ya mvua kubwa huja yakiwa na nguvu. Tuta halikai kwenye njia hiyo. Kama hakuna mahali pengine, chimba mtaro juu ya bustani, upana wa jembe moja na kina cha sentimita 30, uyazungushe maji mpaka yatoke kiwanjani bila kumwagikia jirani. Udongo uliochimbwa uwekwe upande wa chini wa mtaro uwe kingo.

Tafuta pia chemba na shimo la majitaka yalipo. Usipande mboga juu yake wala ndani ya mita tatu kuzunguka. Mahali mafundi walipokorogea zege huonekana: ardhi ni ya kijivu, ngumu, ina vipande vya saruji. Saruji hupandisha uchungu wa magadi kwenye udongo na mboga hupauka hapo. Hama, au ondoa sentimita 20 za juu na kuleta udongo mwingine. Na usipande mboga ikiegemea ukuta wa nyumba mpya. Misingi mingi humwagiwa dawa ya mchwa, na dawa hizo hudumu ardhini. Acha walau mita moja, weka maua hapo ukitaka.

Sasa jua. Arusha na Moshi zote ziko kusini kidogo ya ikweta, na milima yote miwili, Meru na Kilimanjaro, iko upande wa kaskazini wa miji yake. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana hupita upande huo wa mlimani. Maana yake ni kwamba tuta lililo upande wa kaskazini wa nyumba linapata jua masika yote na kipindi chote cha baridi, na lililo nyuma ya ukuta upande wa kusini linakaa kivulini wakati ambao mboga inalihitaji jua kuliko wakati wowote. Mwezi wa sita saa sita mchana, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 1.5 hivi kuelekea kusini, na asubuhi na jioni kivuli ni kirefu zaidi. Usidanganywe na Februari, jua linapokaribia utosi na kila kona kuonekana ina mwanga. Mboga za majani zinataka jua la muda wa saa nne hadi sita kwa siku. Nyanya na hoho zinataka sita na kuendelea.

Kuujua udongo

Udongo wa mitaa iliyo juu ya mji, karibu na Meru, kwa kawaida ni mweusi, laini, mwepesi mkononi. Unapenyeza maji vizuri. Tatizo lake halionekani kwa macho: udongo wa volkano wa namna hii hushika fosforasi na kutoiachia kwa urahisi, ndiyo maana miche hudumaa na majani kugeuka zambarau kwa chini hata baada ya kutiwa mbolea ya kutosha. Dawa yake ni samadi nyingi, na mbolea ya kupandia iwekwe karibu na mizizi shimoni badala ya kutawanywa juu ya tuta. Kushuka chini, kuelekea tambarare za Arusha na za Moshi, unaanza kukutana na udongo wa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa kiatu masika. Huo unahitaji matuta ya juu.

Fanya majaribio mawili, yote ya bure.

La kwanza ni la chupa. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja inayoonyesha, jaza udongo mkavu theluthi moja, ongeza maji karibu na shingo na tone la sabuni ya maji, tikisa dakika mbili, iweke mahali isiguswe. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini hutua ndani ya saa mbili. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Kama tabaka la juu, la mfinyanzi, ni karibu nusu ya udongo wote, panga matuta ya kuinuka.

La pili ni la shimo. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, lijaze maji, yaishe yote, kisha lijaze tena na usimamishe kijiti chenye alama za sentimita. Maji yakishuka sentimita 3 hadi 10 kwa saa, uko vizuri. Yakishuka chini ya sentimita 2, mizizi itazama Aprili. Yakishuka zaidi ya 10, tuta litakuwa na kiu kila siku ya jua na litahitaji samadi zaidi na matandazo.

Matuta

Kwa mwaka wa kwanza matuta matatu yanatosha, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Jumla ni mita za mraba 15, na siku ya jua zitakunywa kama lita 4 kwa kila mita, yaani ndoo tatu za lita 20. Kama huna uhakika wa ndoo tatu kwa siku, lima matuta mawili. Bustani kubwa isiyo na maji hukatisha tamaa haraka. Upana wa mita moja una sababu: mkono unafika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga tuta. Njia ziwe sentimita 50 ili toroli au ndoo ipite.

Lima mapema Februari, udongo ukiwa mkavu au na unyevu kidogo tu. Kata majani, kisha chimba kwa jembe au uma kufikia sentimita 25 hadi 30. Usiharakishe hapa. Ndago ina viazi vidogo vyeusi ardhini, vingine viko kina cha jembe zima. Ukikata majani tu, kila kiazi huchipua upya, na mvua huvizidisha. Sangari ina shina linalotambaa chini ya udongo, na kila kipande chenye pingili ni mmea mpya. Okota, weka juu ya bati au turubai, jua livikaushe mpaka vivunjike mkononi. Mashona nguo ni rahisi zaidi: yang'oe kabla hayajakomaza mbegu. Mahali penye ndago nyingi, rudia kuchimba baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Kazi hii kiangazi ni ya siku mbili. Aprili haiwezekani kabisa.

Samadi iwe iliyooza. Ingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa bado ni ya moto, au inatoa harufu kali inayochoma pua, haijaiva. Samadi iliyoiva ni nyeusi, inapukutika, inanukia udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu na huvutia sota, funza wanaokata miche. Weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, yaani ndoo tano kwa tuta. Kiroba cha kilo 50 kilichojaa hutoa ndoo tatu hadi nne, hivyo kwa matuta matatu nunua viroba vitano. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi. Tumia nusu ya kiasi hicho na iwe imekaa miezi miwili au mitatu. Changanya na sentimita 15 za juu.

Inua tuta sentimita 15 hadi 20, usawazishe juu kwa reki, kingo ziwe na mteremko kidogo zisibomoke. Kwenye mteremko wa kiwanja, tuta lilale kukatisha mteremko, kamwe lisielekee chini. Mwagilia, liache wiki mbili. Magugu yatakayoota ndani ya wiki hizo yakwangue kwa juu bila kuchimba tena, kwa sababu ukichimba unaamsha mbegu nyingine zilizolala chini.

Zungushia senyenge au vijiti vya kufuma kabla ya kupanda. Kuku wawili wa jirani humaliza tuta la mchicha asubuhi moja.

Mbegu na kitalu

Masika ya Arusha ni msimu wa majani: mchicha, mnafu, loshuu, sukuma wiki, spinachi, majani ya maboga. Karoti hukubali kwenye udongo mwepesi. Vitunguu maji viache, vinataka ukavu wakati wa kukomaa. Nyanya tutaifikia.

Nunua pakiti zilizofungwa, zenye tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye duka la pembejeo. Mbegu zilizokaa juani dirishani dukani mara nyingi zimekufa zikiwa ndani ya pakiti nzuri. Jaribu kabla ya kutegemea: tandaza mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka kwenye mfuko wa plastiki mahali pa joto, hesabu baada ya siku saba. Zikiota 16 na zaidi, endelea. Zikiota 10, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo rudi dukani na kitambaa chako.

Karibu na tarehe 20 Februari sia sukuma wiki, loshuu na mnafu kitaluni. Si lazima trei; beseni kuukuu lililotobolewa chini linafaa. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyoiva na chekechwa, sehemu moja ya mchanga, kisha mwagia maji yanayochemka na uache upoe. Chora mistari ya sentimita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, kina cha sentimita 1 kwa sukuma na nusu yake kwa mnafu. Funika kwa nyasi kavu mpaka zianze kuota, kisha ziondoe siku hiyo hiyo jioni. Nyasi zikikaa siku mbili zaidi, miche hurefuka myembamba kama nyuzi na huanguka.

Miche ikianguka ikiwa imelegea na shina limenyong'onyea usawa wa udongo, huo ni kinyausi. Ni ukungu, na mara nyingi kisababishi ni mkono wa mwagiliaji: maji mengi, msongamano, hewa haipiti. Mwagilia asubuhi tu, punguza miche ibaki sentimita 2 hadi 3 mmoja kutoka kwa mwingine, ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo, miche izoee jua.

Mvua inapofika

Mvua ya kwanza ya Machi mara nyingi hudanganya: inanyesha jioni moja, halafu jua kali wiki nzima. Usihamishe miche kwa sababu ya harufu ya udongo. Chimba kidogo kwa mkono. Kama unyevu umefika sentimita 15, panda. Kama umeishia sentimita 5, subiri. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya masika unasaidia kujua mvua zinatarajiwa kuanza mapema au kuchelewa.

Hamisha jioni au siku ya mawingu, miche ikiwa na majani manne hadi sita. Mwagilia kitalu saa moja kabla, nyanyua mche na udongo wake, shika jani, usishike shina. Sukuma wiki: mistari miwili kwenye tuta, sentimita 45 kati ya mche na mche, mistari iachane 50, tuta moja litabeba miche kama 22, na hiyo inalisha familia ya watu watano mboga ya mara mbili kwa wiki. Mnafu: mistari mitatu, sentimita 30 kwa 30. Kila shimo la sukuma weka kizibo kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, ambacho ni kama gramu 5, funika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo mche ukae. Mbolea ikigusa mizizi inaunguza.

Mchicha na karoti husiwa moja kwa moja tutani. Kwa nusu ya tuta, kijiko cha chai kisichojaa cha mbegu za mchicha kinatosha. Changanya na vijiko kumi vya mchanga mkavu ili usimwage zote mahali pamoja, mistari iachane sentimita 20, kina nusu sentimita. Karoti zipunguzwe zikiwa na urefu wa kidole, zibaki sentimita 5 moja kutoka nyingine. Asiyekuwa na moyo wa kung'oa karoti changa huvuna mizizi midogo iliyosokotana, na aliyeweka samadi mbichi huvuna karoti zenye miguu miwili.

Baada ya wiki tatu, sukuma na mnafu zikishika, weka kizibo kimoja cha CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, kwa kila mche, sentimita 8 kutoka kwenye shina, ufukie. Masika husomba nitrojeni haraka. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano yote kwa usawa, rudia. Njano iliyoanzia ukingoni kwa umbo la pembetatu ni kitu kingine, soma chini.

Kinga maji ya bati pia. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 10, ni lita 600. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kubaki kwenye bati, unapata karibu 480. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, ni vumbi na kinyesi. Kama tanki ni la lita 1,000, linajaa kwa mvua mbili tatu.

Yanayoharibika

Mche umekatwa usiku usawa wa udongo na umelala hapo hapo: ni sota. Fukua kwa kidole sentimita 3 hadi 5 kuzunguka shina, utamkuta funza mnene wa kijivu amejikunja. Muue, panda mwingine, uuzungushie kikaratasi kigumu kilichozama sentimita 2 ardhini.

Mashimo makubwa kwenye majani na njia ya ute unaong'aa ni konokono. Masika huzidi sana penye matandazo mazito. Kipindi cha mvua kubwa matandazo yawe membamba, yakae mbali na shina, yaongezwe Juni. Weka ubao au gome la mgomba juu ya udongo jioni. Asubuhi geuza, waokote.

Vidukari hujaa chini ya majani ya sukuma hasa jua likitoka siku kadhaa mfululizo. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwenye lita 2 za maji, pulizia chini ya jani jioni, rudia baada ya siku nne. Jaribu kwanza jani moja. Dawa za dukani kwenye mboga ya majani tuna mashaka nazo kwa bustani ya nyumbani: lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mboga unayochuma kila siku tatu haina nafasi ya kusubiri siku kumi na nne. Ukilazimika, tumia dawa iliyosajiliwa, fuata kipimo cha lebo, na uache kuchuma mpaka siku ziishe.

Njano ya pembetatu inayoingia ndani kutoka ukingoni mwa jani la sukuma, na vena kugeuka nyeusi, ni uozo mweusi. Huletwa na mbegu na husambazwa na matone ya mvua na mikono. Ng'oa mmea, usiutupe kwenye mboji, na usichume majani yakiwa yamelowa. Anza kuchuma kwenye mimea mizima, malizia kwa ile unayoitilia shaka, nawa mikono.

Na nyanya. Mvua na ubaridi wa Aprili na Mei ndivyo bakajani chelewa anavyovitaka: mabaka ya kahawia yaliyolowa, ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, na ndani ya wiki shamba limeungua. Ndiyo sababu bei sokoni hupanda kipindi hicho. Mgeni asianze na nyanya masika. Mwenye hamu kubwa apande miche mitano au sita chini ya kibanda cha nailoni inayopitisha mwanga, pande zote wazi, na amwagilie chini tu. Mmea ukinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Vikitoka vijiuzi vya maziwa vikishuka polepole, ni mnyauko bakteria. Haina tiba, na sehemu hiyo isipandwe nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Mnafu pia ni wa ukoo huo, usiupande hapo.

Kuvuna, kisha Juni

Mchicha huwa tayari wiki ya tatu hadi ya nne. Ukikata sentimita 10 juu ya ardhi badala ya kung'oa, utachipua mara mbili tatu. Mnafu ukatwe ncha mapema, ukiwa wa sentimita 15 hivi, ili utoe matawi. Ukiachwa uchanue, majani yanakuwa machache na machungu zaidi. Sukuma chuma majani ya chini, acha matano ya juu kila mara.

Kila wiki mbili sia mstari mmoja mpya wa mchicha. Ukisia tuta zima siku moja, utakula mchicha siku kumi mfululizo na baadaye hakuna.

Mwisho wa Mei mvua zinapopungua, ongeza matandazo ya nyasi kavu au majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5, na urudi kwenye ndoo zako tatu. Mwagilia asubuhi, usiku wa Juni na Julai Arusha ni wa baridi, na majani yaliyolala na maji huvuta ukungu. Mboga zitaenda polepole, mchicha hasa, lakini sukuma na spinachi huwa tamu kipindi hicho. Mbegu za nyanya zisiwe kitaluni mpaka wiki ya mwisho ya Julai, ili miche ihamie tutani baridi inapoachia. Chagua tuta ambalo halikuwa na mnafu. Tengeru 97 na Tanya, aina mbili zilizotokana na utafiti uliofanyika hapo Tengeru, nje kidogo ya Arusha, huzaa vizuri na matunda yake hayapasuki ovyo. Zipande sentimita 60 kwa 60, na miti ya kuegemea isimamishwe siku ile ile ya kupanda, kabla mizizi haijatawanyika.